Kinachosubiriwa Tangini

Katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama, mkoani Shinyanga, ukapita Mbogwe na Bukombe hadi Nyarugusu na Lwamgasa mkoani Geita, sifa huenda kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, aliyekutana na jiwe zuri. Wa pili ni mnunuzi aliyefika sokoni na fedha mkononi. Katikati yao yupo mtu asiyeimbwa na yeyote kwa sababu kazi yake haina kishindo. Ni yule anayelinda matangi ya sianidi, ambamo dhahabu huyeyushwa kutoka mchangani. Kwenye planti iliyochangamka humwita mkemia, hata kama chuo kikuu hajakikanyaga. Kwenye planti ndogo ni fundi tu. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu, kwa mambo mawili anayoyajua kwa mikono yake na ambayo wanafunzi wengi wa kidato cha tatu huyakimbia: hesabu ya moli na kasi ya mmenyuko.

Kinachoingia tangini ni marudio. Jiwe likishasagwa kwenye karasha, mchanga wake huoshwa mwaloni na dhahabu nene hukamatwa huko. Mchanga unaobaki, ule uliokwisha kuoshwa, ndio marudio. Mgeni akiuona umelundikwa nyuma ya karasha atadhani ni takataka za ujenzi, kumbe ndani yake kuna dhahabu ambayo jicho haliioni wala mkono hauwezi kuikamata.

Mpango huo, dhahabu nene mwaloni na dhahabu laini tangini, una maana kubwa kikemia. Majaribio ya tangu zamani yameonyesha kwamba dhahabu, hata ikipewa mazingira bora kabisa, haiyeyuki ndani ya maji ya sianidi kwa zaidi ya miligramu 3.25 hivi kwa kila sentimita mraba ya uso wake kwa saa. Ukizingatia uzito wa dhahabu, hiyo ni sawa na kupukutisha mikroni 1.7 tu za unene kutoka kila upande kila saa. Punje yenye kipenyo cha mikroni 44, ambayo ni vumbi, humalizika kwa saa 13. Punje ya mikroni 150 hudai saa 44 au 45. Punje ya milimita moja, ambayo mtoto anaweza kuiokota, ingehitaji karibu siku kumi na mbili, na hapo nimechukulia kwamba kila kitu kinakwenda sawasawa, jambo ambalo tangi halijui. Fundi hana haja ya kuziandika hesabu hizi ubaoni. Huchukua marudio kiasi, akayapepeta kwenye karai, akatazama mkia wake. Akiona chembe zinazong'aa humwambia mwenye mzigo arudishe mwaloni kwanza, maana tangi halina ubavu wa kula dhahabu nene kwa muda ambao mwenye mzigo yuko tayari kuusubiri.

Sasa tufanye ile hesabu ya moli. Moli ni namna ya kuhesabu chembe kwa kutumia mizani: gramu 197 za dhahabu zina idadi ya atomi ileile ya chembe zilizomo katika gramu 49 za sodiamu sianidi. Tuseme tangi limepakiwa tani 30 za marudio, na kipimo cha maabara kimesema kila tani ina gramu 3 za dhahabu. Jumla ni gramu 90. Gawanya kwa 197, unapata moli 0.46. Kila atomi ya dhahabu hushikwa na sianidi mbili, kwa hiyo zinatakiwa moli 0.91 za sodiamu sianidi. Zidisha kwa 49 na jibu ni gramu 45.

Gramu 45 hazijazi kikombe cha kahawa. Lakini muulize fundi tangi hilo linakula sianidi kiasi gani, naye atakujibu kwa kilo. Nusu kilo kwa kila tani si jambo la ajabu, na kwa tani 30 hiyo ni kilo 15, zaidi ya mara mia tatu ya kile ambacho dhahabu yenyewe inadai. Mwanafunzi aliyekokotoa gramu 45 amepata sahihi, na fundi aliyepima kilo 15 naye yuko sahihi. Ufundi wote unakaa kwenye nafasi iliyopo kati ya majibu hayo mawili.

Sianidi hiyo nyingine huenda wapi? Sehemu huliwa na wezi waliomo ndani ya mchanga wenyewe. Shaba ndiyo mwizi mkubwa. Kila atomi ya shaba huondoka na sianidi tatu, na kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko dhahabu, kilo moja ya shaba iliyoyeyuka humeza kilo 2.3 za sodiamu sianidi. Ndiyo maana marudio yenye vijiwe vya kijani hutazamwa kwa wasiwasi kabla bei haijatajwa. Madini ya salfa nayo yana sehemu yake, na zinki vilevile. Sehemu nyingine hubaki majini bila kazi, na sehemu nyingine, ambayo ndiyo ya kuogopwa, hupanda hewani.

Kabla ya sianidi ije chokaa. Huu ndio mpangilio ambao fundi mzuri havumilii uvunjwe, na nimewaona mafundi wapole wakibadilika sura kwa ajili yake. Chokaa huchanganywa na marudio yakiwa bado nje, maji hujazwa, kisha pH hupimwa, na ni mpaka ifike kati ya 10.5 na 11 ndipo pipa la sianidi linafunguliwa. Sababu yake ni ya kikemia na haina huruma. pH ikiwa 10.5, ni kama sehemu tano tu katika mia za sianidi zilizo katika umbo la haidrojeni sianidi. Ikishuka hadi 9.2 hivi, zimekuwa nusu. Ikishuka tena hadi 8.2, ni karibu sehemu tisa kati ya kumi. Na haidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 tu za sentigredi, wakati mchana wa Kahama hupita nyuzi hizo bila jasho. Hapo fundi anapoteza mali, na anaweza kupoteza uhai. Wapo wanaosema gesi hiyo hunukia lozi, lakini kuna watu ambao pua zao haziisikii kabisa, kwa hiyo pua si kipimo. Chokaa nayo ina mpaka wake: ikizidi sana, kalsiamu yake hupaka uso wa dhahabu na kuuzubaisha, na kazi ikachelewa bila anayeelewa kwa nini.

Mvua huvuruga yote haya. Maji ya mvua huongeza ujazo, hupunguza nguvu ya sianidi na huteremsha pH polepole. Planti isiyo na paa, msimu wa mvua, humlaza fundi macho.

Sasa nikupeleke mezani kwake. Huwa ni chumba kidogo, au kona yenye kivuli, na meza yenye stendi iliyobana bureti. Fundi ameteka maji ya tangi na kuyachuja mpaka yamekuwa meupe. Anapima mililita 10 kwa pipeti, akiyavuta kwa mpira, kamwe si kwa mdomo, akayamimina kwenye chupa ya pembe. Anadondosha matone machache ya kiashiria, maji yanakuwa manjano. Kisha anaanza kufungulia bomba la bureti kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiizungusha chupa. Mwanzoni hutiririsha. Akikaribia hupunguza hadi tone, tena tone, akisubiri kila tone lipotee. Ghafla manjano yanageuka waridi iliyopauka na haibadiliki tena. Anafunga. Anasoma: 4.2. Anaandika kwenye daftari: 420.

Mtazamaji hujiuliza hesabu imepita wapi. Imekwisha kufanywa, na imefichwa ndani ya chupa ya nitrati ya fedha iliyomo kwenye bureti. Nitrati hiyo ilipimwa gramu 1.733 kwa kila lita ya maji safi. Kwa nini 1.733? Gawanya kwa 169.87, ambayo ni moli moja ya nitrati ya fedha, unapata moli 0.0102 kwa lita. Kila atomi moja ya fedha hushika sianidi mbili, kwa hiyo kila mililita inayotoka kwenye bureti ni sawa na miligramu moja kamili ya sodiamu sianidi. Na kwa kuwa sampuli ni mililita 10, kila mililita ya bureti inasoma miligramu 100 kwa lita. Mtu fulani alikaa akatafuta uzito ambao ungeziondoa sehemu zote za hesabu na kumwachia fundi namba ya kusoma kwa jicho. Mimi naiona kazi hiyo kuwa nzuri kama ushairi uliokaa vina na mizani yake, kwa sababu kila aliyeshika bureti hiyo anarithi akili ya aliyeipanga bila kuihangaikia.

Kutoka hapo ni hesabu ya kichwa. Anataka miligramu 500, amepata 420, pungufu ni 80. Maji ya tangi ni lita 10,000. Themanini mara elfu kumi ni miligramu laki nane, yaani gramu 800. Anavaa glavu na barakoa, anapima gramu 800 kwenye mizani, si kwa kopo la kukadiria, anayeyusha kwenye maji yenye chokaa, anarudisha tangini.

Ipo siri kwenye kipimo kile ambayo ningependa kila mwanafunzi aione. Fedha mle chupani hushikwa na sianidi mbili, kama vile dhahabu tangini inavyoshikwa na sianidi mbili. Kipimo cha mezani ni tangi lilelile, ila fedha imekaa mahali pa dhahabu. Kwa nini basi chupani mambo huisha ndani ya dakika moja, na tangini yadai siku nyingi? Kwa sababu fedha ya bureti imekwisha kupoteza elektroni yake; inafika tayari kushikwa. Dhahabu iliyo kwenye mchanga ni metali kamili na haiachii elektroni yake bure. Lazima aje wa kuichukua, na huyo ni oksijeni, iliyotoka hewani ikayeyuka majini. Mkemia L. Elsner alilionyesha hilo mwaka 1846, zaidi ya miaka arobaini kabla ya John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest kusajili njia yao ya sianidi mwaka 1887 mjini Glasgow. Molekuli moja ya oksijeni huchukua elektroni kutoka atomi nne za dhahabu. Kwa gramu zetu 90, hesabu inadai oksijeni gramu 3.7 tu.

Lakini gramu hizo chache ndizo zinazochelewesha kila kitu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na planti za Geita na Kahama ziko juu zaidi ya hapo. Hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kidogo, na lita ya maji ya vuguvugu hubeba oksijeni isiyozidi miligramu 7 hivi. Maabara zimeonyesha kwamba dhahabu safi hufikia kasi yake ya juu pale sianidi inapokuwa takriban mara sita ya oksijeni kwa hesabu ya moli. Miligramu 7 za oksijeni ni milimoli 0.22, mara sita ni milimoli 1.3; hiyo ni sodiamu sianidi miligramu 64 hivi kwa lita. Ukishavuka hapo, kila unachoongeza hakiendi kwenye dhahabu. Fundi huweka 400 au 500 ili wezi wapate chao na dhahabu isipungukiwe, si kwa kuamini kwamba nyingi ni mwendo kasi. Abiria wakijaa stendi na hiace ni moja, kuongeza abiria hakumfikishi mtu mapema. Oksijeni ndiyo hiace.

Ukilielewa hilo, kila unachomwona fundi akifanya kinapata maana. Hataki marudio yakanyagwe wakati wa kupakia. Vijana humwaga kwa koleo wakitoka ukingoni, ili mchanga ubaki umefunguka. Mabonge ya udongo hukaushwa juani na kuvunjwa kwanza, maana maji hayapiti ndani ya bonge na hewa haipiti kabisa. Chini ya tangi huweka kokoto na kitambaa cha kuchujia, na hukagua kwa mkono wenye glavu kama kimelala vizuri. Maji yanayotoka chini hurudishwa juu yakianguka kwa urefu, yakirusha povu, kwa sababu maji yanayoanguka huvuta hewa. Na baada ya muda hufanya jambo ambalo mwenye mzigo hulitazama kwa mashaka: hufungulia bomba, maji yote yakashuka, tangi likabaki na mchanga tu. Haonekani kufanya kitu. Kumbe maji yanaposhuka huivuta hewa ndani ya mchanga, ikakaa kwenye kila uwazi yalipokuwa maji, ikagusa utando mwembamba uliobaki kwenye kila punje. Tangi likijazwa tena, kazi inaanza upya na pumzi mpya.

Mwenye mzigo kwa kawaida anataka sianidi zaidi. Anadaiwa, vijana wanasubiri mgawo, na anaona pipa liko pale. Fundi anamwambia, "Mzee, tangi halina njaa, linataka kupumua." Kuwa na ujasiri wa kumjibu hivyo mtu anayekulipa, daftari likiwa wazi mbele yenu, ni sehemu ya ufundi ambayo haifundishwi na kitabu.

Mgodi mkubwa wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, hukabili kizuizi kilekile kwa nguvu nyingine: jiwe husagwa hadi unga, tope hukorogwa bila kupumzika na kupulizwa hewa. Hapo kazi ya siku nyingi hufupishwa sana. Vituo vya mfano vya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) vya Lwamgasa na Katente vilijengwa ili wachimbaji wadogo nao waione njia ya namna hiyo kwa karibu.

Dhahabu iliyoyeyuka hupitishwa kwenye kaboni, mkaa maalumu ambao ulio bora hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, nayo hung'ang'ania humo. Kuing'oa ni kazi ya mtambo wa elusheni, na huko kasi hutawaliwa na joto. Maji ya mwinuko huu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwenye chombo kilicho wazi, kaboni hudai siku mbili au tatu za maji ya moto yenye magadi makali na sianidi kabla haijaachia. Kwenye chombo kilichofungwa kwa shinikizo, joto likafika nyuzi 140, kazi hiyohiyo huisha kwa muda usiofika siku moja. Mafundi wa elusheni ni watu wengine, na wanastahili makala yao.

Kuna jambo moja ambalo kumsifu fundi hakuniruhusu kulinyamazia. Marudio mengi ya ukanda huu yana zebaki iliyobaki kutoka mwaloni. Sianidi haichagui, huyeyusha zebaki pia, ikaibeba hadi kwenye kaboni, kwenye moshi wa tanuri na kwenye maji yanayomwagwa. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataja kutia sianidi kwenye marudio yenye zebaki bila kuiondoa kwanza kuwa miongoni mwa vitendo vinavyopaswa kukomeshwa. Fundi aliye bora hawezi kuisawazisha zebaki kwa bureti. Zebaki huzuiwa mwaloni, kwa kukamata dhahabu nene bila kuitumia, na uamuzi huo uko kwa wenye karasha na wenye mizigo.

Kwa walimu wa kemia wa Geita, Kahama na Shinyanga nina ombi. Jaribio lenu la kasi ya mmenyuko, lile la thiosalfeti na alama ya X inayofichika chini ya chupa, ni zuri, liendelee. Lakini kabla yake, andikeni ubaoni gramu 45 upande mmoja na kilo 15 upande wa pili, muwaulize watoto wenu tofauti imekwenda wapi, kisha muwaulize ni kitu gani kinachosubiriwa tangini siku zote hizo. Wengi wao wamezaliwa karibu na karasha na watakuwa na la kusema. Na wewe mwenye planti, kabla hujaomba kibali cha pipa jingine kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, hakikisha anayeshika bureti yako analipwa vizuri, ana glavu nzima, na ana ruhusa ya kukukatalia.